Onyesha Unapotua Kabla Hujaruka

Mhadhara kwa watengenezaji wa video za stanti za gemu, Kisumu

Hamjambo wote. Waliokaa nyuma karibu na soketi, chajini simu zenu lakini waya wa projekta msiuguse.

Tuanze na klipu ya stanti, yaani mruko wa hatari ndani ya gemu. Ni sekunde tisa, gemu ni GTA V, pikipiki ni ile inayoitwa Sanchez. Inatokea kushoto, inagonga kitu, inapaa, kamera inazunguka, skrini inatikisika, na mara pikipiki iko juu ya paa. Sasa niambieni, hilo paa lilikuwa mbali kiasi gani na barabara? Kimya. Aliyefanya stanti hii huenda alijaribu mara mia mbili, nasi hapa tumeambulia vumbi.

Tazameni ileile ikiwa imepangwa upya. Kamera inaanza juu ya paa, sekunde moja na nusu tu, tunaona upana wake, ambao haufiki hata urefu wa gari dogo. Inateremka hadi barabarani, pikipiki inakuja. Mmesikia? Safari hii mmeguna kabla haijaruka. Huo mguno ndio kazi yetu. Mtazamaji asiyejua unakwenda wapi hawezi kuogopa kwamba hutafika. Mengine yote nitakayosema leo, kuanzia kuchagua mahali hadi kupakia video, yanatumikia jambo hilo.

Sasa, mahali. GTA San Andreas, gemu ya zamani ya mfululizo uleule, ina miruko maalum 70, GTA V ina 50, na kila mtu ameishaiona. Ramani imekuonyesha, njia panda imewekwa tayari, hakuna ulichogundua. Stanti inayosifiwa hutoka mahali ambapo waliounda gemu hawakukusudia mtu aruke: ukingo wa barabara, ngazi ya kwanza ya jengo, benchi, msingi wa nguzo ya taa. Wachezaji huita bampu. Si matuta ya barabarani haya yetu. Ni kule kugonga kitu kifupi kwa kasi hadi pikipiki ifyatuke kwenda juu.

Tukae hapa kwa muda, maana wengi wanaibahatisha. Injini ya gemu haioni mwendo kama maji yanavyotiririka. Inahesabu kwa hatua. Pikipiki yenye kasi ya kilomita 108 kwa saa inakwenda mita 30 kila sekunde. Gemu ikihesabu mara 60 kwa sekunde, kila hatua ni nusu mita. Ikihesabu mara 30, kila hatua ni mita nzima. Kwa hiyo kuna hatua ambapo gurudumu liko kabla ya ukingo, na hatua inayofuata tayari limezama ndani yake. Injini inagundua kosa na kulisukuma nje. Lilizama kiasi gani ndiyo siri ya utarushwa kiasi gani. Kuna injini zinazogawanya hatua hizo vipande vidogo zaidi, lakini hesabu haibadiliki sana.

Ndiyo maana mtu anasema, "Jana ilipaa hadi ghorofa ya tatu, leo inanitupa kando." Jana kompyuta ilikuwa inatoa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60, na hesabu za gemu huenda pamoja nazo; leo amefungua kivinjari chenye vichupo kumi na inapanda na kushuka kati ya 38 na 55. Funga kiwango cha fremu. Chagua kile ambacho mashine yako inakimudu hata mahali penye magari mengi, ubaki nacho mpaka stanti iishe. San Andreas ya kompyuta ina kidhibiti chake cha fremu, na kikiwashwa gemu huenda kwa fremu 25. Kiacheni kimewashwa. Ukikizima fizikia ya gemu inaharibika, na wenzako watajua, kwani pikipiki itakuwa na tabia ambazo yao haina.

Baada ya hapo ni mkao na pembe. Njoo kwenye ukingo ukiwa umeunyooshea pua ya pikipiki. Ukija kwa mshazari, upande mmoja unagongwa kabla ya mwingine na pikipiki inajikunja hewani kama samaki aliyetolewa ziwani. Egemea nyuma kidogo kabla ya kugonga, kisha uachie fimbo ya padi mara tu unapopaa. Anayeendelea kuvuta atapinduka chali. Anayeegemea mbele wakati wa kugonga atapaa kidogo na kuchimba pua chini. Kutua, magurudumu yote mawili pamoja au la nyuma litangulie. La mbele likitangulia, dereva anaruka juu ya usukani. Kwa San Andreas kuna jambo la ziada: ustadi wa pikipiki wa CJ, mhusika unayemchezesha, unapanda kadiri anavyoendesha, na ukiwa juu haanguki ovyo. Kabla ya kulaumu mahali, angalia kipimo hicho.

Namna ya kujaribu. Chukua daftari, daftari la karatasi. Andika unapoanzia, mstari unaofuata, mkao, na matokeo. Unapoanzia pawe na alama: gurudumu la mbele limelingana na nguzo fulani, au na ufa fulani wa lami. Jaribu mara ishirini bila kubadilisha kitu. Usipopata, badilisha kimoja tu, tuseme urudi nyuma urefu wa gari moja, kisha ishirini tena. Mtu anayebadilisha kasi na pembe na mkao kwa pamoja hatajua kipi kilimsaidia, na akipata mara moja hataweza kurudia. Mara sitini zikipita bila hata moja iliyokaribia, ondoka. Ramani ni kubwa.

Kinachokula muda ni kurudi mwanzoni. Kwenye GTA V ya mchezaji mmoja watu hutumia Script Hook V, programu inayowezesha modi, yaani nyongeza za kubadilisha gemu, pamoja na modi ya kukurudisha kwenye nukta uliyohifadhi, na jaribio la dakika moja na nusu linakuwa la sekunde ishirini. Nisikilizeni vizuri hapa: modi ni za mchezaji mmoja tu. Tangu Septemba 2024 upande wa mtandaoni kwenye kompyuta unalindwa na BattlEye, programu ya kuzuia udanganyifu, na mwenye modi lazima aizime kabla ya kufungua gemu, naye akizima haingii mtandaoni. Akaunti ikifungiwa, msimtafute mchawi. Na kama ulitumia modi ya kubadilisha nguvu ya mvutano au kasi ya pikipiki, sema kwenye maelezo ya video. Kurudishwa mahali hakudanganyi mtu, lakini pikipiki iliyoongezwa nguvu inadanganya.

Kurekodi. Usirekodi saa nzima ukingoja bahati. OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi skrini, ina kitu kinachoitwa Replay Buffer: inashikilia sekunde za mwisho kwenye memori na kuziandika diskini ukibonyeza kitufe tu. Piga hesabu. Kwa megabiti 40 kwa sekunde, saa moja ya kurekodi ni gigabaiti 18. Sekunde 40 za bafa ni megabaiti 200 za memori, basi. Unaanguka mara 70 bila kujaza chochote, ile ya 71 inatua, unabonyeza. Chagua kitufe kilicho mbali na vya gemu, maana mikono hutetemeka.

Kwa wanaorekodi mfululizo, hifadhi kwa aina ya faili inayoitwa MKV, si MP4. Huku kwetu mnajua stima inavyopotea bila kuaga. MP4 ya kawaida ikikatwa katikati haifunguki tena, ila MKV inabaki na yote yaliyoandikwa hadi wakati ule, halafu ndani ya OBS yenyewe unaigeuza kuwa MP4 bila kupunguza ubora.

GTA V ina Rockstar Editor, kihariri cha video kilicho ndani ya gemu yenyewe, na kwa stanti haina mpinzani, kwa kuwa hairekodi picha bali inarekodi tukio, nawe unalipiga tena kwa kamera yoyote. Kwenye kompyuta F1 inaanza na kumaliza kurekodi. Kamera huru ina mipaka, haiwezi kwenda mbali sana na mhusika. Nayo klipu isikae miezi: masasisho ya gemu yanaweza kuifanya igome kufunguka. Itoe kama video mapema.

Mahali pa kuweka kamera, sasa. Lenzi pana ikiwa karibu na lami inaongeza kasi, na hiyo ni ya wakati pikipiki inapokuja. Lenzi iliyovutwa kutoka mbali inabana umbali, hivyo pengo la mita thelathini linaonekana la kumi. Utafanya stanti ngumu kisha uifanye ionekane rahisi kwa mkono wako mwenyewe! Pengo lionyeshwe kutoka ubavuni, mwanzo na mwisho vyote viwe ndani ya picha. Weka pia kitu ambacho jicho linajua ukubwa wake, kama vile mtu anayetembea, gari lililoegeshwa au mlango. Angani hakuna kipimo.

Kati ya kuruka na kutua usikate. Ukikata hapo, mtazamaji mzoefu anashuku umeunganisha majaribio mawili, na hutapata nafasi ya kujitetea. Ukitaka pembe ya pili, onyesha kwanza yote kwa pembe moja, kisha rudia.

Kupunguza kasi kuna hesabu yake. Umerekodi fremu 60 na video ya mwisho ni ya fremu 30, unaweza kwenda nusu ya kasi na kila fremu ikawa ya kweli. Ukitaka robo, ulipaswa kuwa na fremu 120. La sivyo programu itarudia fremu au itabuni za katikati, na spoku za magurudumu zitageuka uji. San Andreas ya fremu 25 haina cha kupunguza. Iache iende kwa kasi yake.

Muziki. Wengi wanaweka wimbo halafu wanakata picha kwenye kila biti, yaani kila pigo la ngoma. Hiyo inachosha. Biti ni za matukio mawili tu, kuruka na kutua. Mfano: wimbo una biti 120 kwa dakika, yaani biti moja ni nusu sekunde, fremu 30 kwenye video ya 60. Stanti yako iko hewani sekunde 3.4. Hizo ni biti 6.8, utatua kabla ya ngoma kidogo, na sikio litahisi kasoro hata kama mtu hawezi kuitaja. Punguza kasi iwe asilimia 85. Sasa iko hewani sekunde 4 kamili, biti nane, mizunguko miwili ya nne. Unaruka kwenye biti ya kwanza ya mzunguko, unatua kwenye ya kwanza ya mzunguko mwingine. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, inafanya hivyo, na Kdenlive pia. Sauti ya injini msiifute yote. Ishusheni chini ya muziki, kisha pale hewani muziki ufifie na ubaki upepo. Lile kishindo la magurudumu kugusa paa linafaa kuliko madoido yote mnayopakua.

Wimbo wa msanii mkubwa utatambuliwa na mfumo wa YouTube wenyewe: mapato yataenda kwa mwenye wimbo au video izuiwe. Kuna maprodyuza hapa mjini, Manyatta na Nyalenda wamejaa, wana biti, yaani midundo isiyo na maneno, zilizokaa tu kwenye kompyuta. Omba, upewe ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unaotaja jina la biti, na uandike jina lake kwenye maelezo.

Kupakia nitapita haraka. YouTube inapendekeza megabiti 12 kwa sekunde kwa video ya 1080p, yaani yenye mistari 1080 ya picha, ya fremu 60, na 24 kwa 1440p. Video ya dakika tatu ni megabaiti 270 au 540. Bando likiruhusu chukua 1440p hata kama ulirekodi 1080p, maana YouTube huipa ubora zaidi. Mvua, nyasi na majani hula megabiti, kwa hiyo stanti ya msituni wakati wa mvua itafika kwa mtazamaji kama matope. Ukipeleka kazi saiba kwa flashi, kumbuka iliyo kwenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Wengi hudhani flashi imeharibika. Ifomati kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Kuna swali pale? Dada anauliza, asiye na kompyuta afanyeje, ana San Andreas ya simu.

Inawezekana. Vitufe vya skrini ndivyo adui, kidole gumba kinaficha barabara na huwezi kuegemea nusu, unaegemea yote au hapana. Tafuta padi ya Bluetooth, hata ya kuazima. Kinasa skrini cha simu kiweke kwenye ubora wa juu, acha nafasi ya gigabaiti tano hivi, na uiondoe simu kwenye chaji unapocheza, kwa sababu ikipata joto inapunguza nguvu na fremu zinaanguka pamoja na bampu yako. Kamera huru huna, basi tumia miguu: kabla ya kupanda pikipiki, mtembeze CJ hadi pale utakapotua, msimamishe pembeni, zungusha kamera polepole, rekodi sekunde tatu. Halafu washa hali ya ndege (Bluetooth ya padi ikizimika, iwashe tena), maana simu ya mama ikiingia ukiwa hewani, klipu imekwenda.