Ukoo wa Molyneux wa Dublin na Darubini ya Dohani

Mabibi na mabwana, akina Molyneux walikuwa Waingereza waliolowea Ireland. Leo wanatuhusu watatu: William (1656–1698), mdogo wake Thomas, na Samuel, mwana wa William.

William ndiye aliyemwandikia mwanafalsafa John Locke mwaka 1688: kipofu wa kuzaliwa anayetofautisha mchemraba na tufe kwa kupapasa, akipata kuona, atavitambua kwa macho tu? Wote wawili walijibu hapana. Lucy, mke wa William, alikuwa amepofuka, kwa hiyo swali hilo halikuwa la vitabuni tu.

Thomas, daktari, nimpitie haraka. Mwaka 1697 alieleza pembe kubwa ajabu zilizofukuliwa Ireland, akashikilia kuwa mnyama huyo bado yuko hai Amerika. Hakukubali kwamba jamii nzima ya wanyama yaweza kutoweka. Ilikuwa imetoweka.

Kwangu mimi, mzito kuliko wote ni Samuel, ingawa hatajwi sana. Mwishoni mwa 1725, nyumbani kwake Kew, karibu na London, yeye na mnajimu James Bradley walifunga kwenye dohani darubini ya futi 24 hivi, ikitazama juu wima. Waliifuatilia nyota ya Gama Drakonisi kwa sababu hupita karibu kabisa na utosi wa London, yaani juu wima, na mwanga unaoshuka wima haupindwi na hewa. Chini palikuwa na skrubu ya kupimia, na timazi ya kuhakiki wima.

Walitaka kuona nyota ikisogea kwa sababu dunia hulizunguka jua. Ikiwa ni hivyo, nyota ingefika kikomo chake cha kusini mwezi Desemba. Haikufika: iliendelea kusini hadi Machi, sekunde 20 hivi za pembe (sekunde moja ni sehemu ya 3,600 ya digrii), kisha ikageuka. Walishuku chombo, wakakikagua, wakakikuta kizima.

Jibu lilikuwa hili: mwanga huchukua muda kusafiri, na dunia husogea wakati huo. Hesabu yenyewe ni hii. Mwanga ukishuka mita 7.3 za bomba, dunia imeshalisogeza bomba milimita 0.7 hivi. Usipoliinamisha kidogo kuelekea dunia inakokwenda, mwanga utaangukia pembeni. Mwinamo huo ni sehemu moja katika 10,000, yaani sekunde 20 zile zile. Kwa kuwa hutegemea mwendo wa dunia, si mahali ilipo, kilele chake huchelewa miezi mitatu.

Samuel alifariki Aprili 1728. Bradley, aliyekwisha kujifungia darubini fupi zaidi Wanstead, alitangaza jibu hilo mwaka 1729.