Dubu Ajaye kwa Miguu Yake: Mhadhara kwa Wasemaji wa Kiswahili wa Missoula

Ndugu zangu, wazee kwa vijana, nawashukuru kwa kuja jioni hii. Nimeombwa nizungumze juu ya dubu aina ya grizli na maoni ya watu kuhusu kumwacha arudi mwenyewe katika misitu aliyokuwa akiishi zamani. Jambo hili haliko mbali nasi. Ukitoka hapa Missoula, katika jimbo la Montana nchini Marekani, kuelekea kusini unaingia bonde la Bitterroot, na milima unayoiona upande wako wa kulia ni ukingo wa pori la takribani kilomita za mraba 15,000, linaloenea hadi jimbo jirani la Idaho, ambalo serikali imelitenga kuwa mahali pa kumrejesha grizli. Hadi leo hakuna dubu jike wa aina hiyo anayejulikana kuishi na kuzaa humo.

Hali haikuwa hivyo daima. Mwaka 1806, msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali ya Marekani kuifikia bahari ya Pasifiki, ulipopiga kambi kando ya mto Clearwater, katika nchi ya watu wa Nez Perce, wawindaji wake waliua grizli kadhaa katika muda wa majuma machache. Inakadiriwa kwamba wakati huo magharibi ya Marekani, ukiiacha Alaska, ilikuwa na grizli 50,000 hivi. Bunduki, mitego na sumu viliwapunguza hata wakawa chini ya 1,000 kufikia mwaka 1975, walipoingizwa katika orodha ya wanyama wanaolindwa na sheria. Leo wamefika kama 2,000, na wengi wao wako kandokando ya hifadhi za Yellowstone na Glacier.

Mwaka 2000 serikali ya shirikisho iliidhinisha mpango wa kuwaleta dubu 25 Bitterroot kwa muda wa miaka mitano. Mpango huo ulikuwa na jambo la kupendeza: uliungwa mkono na watetezi wa wanyama pamoja na watu wa viwanda vya mbao, na usimamizi wake ungekabidhiwa kamati ya wananchi 15. Hata hivyo gavana wa Idaho, Dirk Kempthorne, aliupinga mahakamani, na mwaka uliofuata serikali mpya ikauweka kando. Nimewasikiliza wakazi wengi wa bonde hili, na naamini kwamba kilichowachoma wapinzani hakikuwa dubu peke yake, bali picha ya gari la serikali likishusha mnyama mkali nyuma ya nyumba zao. Mtu huyohuyo anayesema hataki dubu aletwe, ukimuuliza vipi kama dubu atakuja mwenyewe, mara nyingi hutulia kidogo na kujibu: akija kwa miguu yake, hayo ni mengine.

Wengi wenu mmetoka Kivu, na hamhitaji kuelezwa tofauti hiyo. Mnakumbuka jinsi Batwa walivyotolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 kwa ajili ya hifadhi, bila kuulizwa. Silinganishi uzito wa mambo haya mawili, kwa sababu hakuna aliyehamishwa Bitterroot kwa ajili ya dubu. Waliohamishwa bonde hilo ni Wasalish, wenyeji wake, waliolazimishwa kuondoka mwaka 1891 ili kuwapisha walowezi. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewahi kuamuliwa mambo yake na watu wa mbali huliona hata jema kwa jicho la shaka.

Kwa hiyo neno “arudi mwenyewe” limekuwa mahali pa kukutania. Mimi pia naliunga mkono, lakini nawaomba tulitazame kwa makini, kwa sababu lina gharama ambayo wengi wanaolikubali hawajaihesabu. Gharama ya kwanza ni ya kisheria. Dubu ambao wangeletwa chini ya mpango wa mwaka 2000 wangehesabiwa kuwa kundi la majaribio, na mfugaji angepewa nafasi pana zaidi ya kujilinda na kulinda mifugo yake. Dubu anayeingia kwa miguu yake huja na ulinzi wote wa sheria. Mfugaji anayependelea dubu wa kuja mwenyewe amechagua, pengine bila kujua, sheria iliyo kali zaidi juu yake.

Gharama ya pili inatokana na maumbile ya mnyama mwenyewe. Dume kijana husafiri mbali, lakini jike akiachana na mama yake hutulia jirani naye, hata maeneo yao hupandana. Huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano, sita au zaidi, kwa kawaida watoto wawili, na hukaa karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa tena. Ndiyo maana majike husogea hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi. Na katikati ya milima waliko sasa na milima tunayotaka wafike hakuna pori tupu: kuna barabara kuu, reli, mabanda ya kuku, mizinga ya nyuki na nyua zetu.

Mwaka 2007 dume mmoja alifika Bitterroot upande wa Idaho, wa kwanza kuthibitishwa baada ya miongo mingi, akapigwa risasi na mwindaji aliyemdhania kuwa dubu mweusi, aina nyingine ambayo huruhusiwa kuwindwa. Mwaka 2018 dume mwingine kijana alionekana katika uwanja wa gofu karibu na Stevensville, akanaswa, akarudishwa kaskazini. Nasema kwa uchungu: huyo alikuwa akifanya lile hasa ambalo watu walisema wangelikubali. Machi 2023 mahakama ya shirikisho iliitaka serikali iangalie upya suala zima la Bitterroot.

Uchunguzi wa maoni uliofanywa katika jimbo hili la Montana ulionyesha kwamba zaidi ya watu tisa kati ya kumi wanakubali kuwa grizli ana haki ya kuwapo Montana. Lakini kukubali kulipungua swali lilipotoka katika misitu ya umma na kuingia mijini. Dubu ana haki kule juu. Huku chini bado tunajadiliana.

Wapo ambao wameshajibu kwa matendo. Katika milima ya Mission, makabila ya Salish na Kootenai hufunga sehemu ya milima kila mwaka, kuanzia Julai hadi mwanzo wa Oktoba, ili dubu wapindue mawe na kula wadudu waliojificha chini yake bila kusumbuliwa. Katika bonde la Blackfoot, wafugaji wa eneo la Ovando walianza kukusanya mizoga. Majira ya kuchipua ng'ombe huzaa, na ndama wengine hufa. Zamani mfugaji aliwatupa kwenye shimo nyuma ya zizi, na dubu aliyetoka pangoni na njaa ya miezi mitano aliifuata harufu hiyo moja kwa moja hadi penye ng'ombe wazima. Sasa lori hupita, mzoga hupelekwa mbali kufanywa mboji, na mizinga ya nyuki imezungushiwa uzio wa umeme. Migogoro ilipungua sana. Haikwisha: Julai 2021 dubu alimuua msafiri wa baiskeli aliyelala katika hema palepale Ovando, na sitaki kulipita hilo kana kwamba ni dogo.

Mama mmoja aliniuliza juzi kama kuku wake sita na mti wa matofaa nyuma ya nyumba vina uhusiano wowote na siasa hizi. Vina uhusiano mkubwa, kwa sababu dubu aliyezoea kula uani huishia kuuawa. Tumekubaliana kwamba Jumamosi tutakwenda kwake na waya, mashine ndogo ya umeme na ngazi, tuzungushe uzio kwenye banda na kuchuma matofaa yote, hata yale ya juu kabisa yaliyoanza kuoza.