Mnakili wa Mwisho: Kutazama Picha za Zamani Nyumbani

Assalaam alaykum. Ndugu mwenyekiti, waalimu wangu, wazee wangu na ndugu zangu mliohudhuria.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutazama picha za zamani, pamoja na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya sanaa kuliko soko, tukiwa majumbani mwetu. Nasema "picha" kwa makusudi, kwa kuwa hapa Unguja mtu alikwenda senema kutazama picha, na neno filamu lilikuwa la watangazaji wa redio.

Nitaanza mbali kidogo. Wale kati yenu walioshughulika na miswada ya tenzi wanajua kwamba hakuna nuskha mbili zinazolingana neno kwa neno. Mnakili mmoja ameruka ubeti kwa usingizi, mwengine amesahihisha jambo ambalo halikuwa kosa, wa tatu amekuta ukurasa umeliwa na mchwa akajaza kwa aliyoyakumbuka. Kwa hiyo msomaji mzuri wa utenzi, kabla hajasema mtunzi amekosea, huuliza kwanza nuskha hii imetoka kwa nani. Maoni yangu ni kwamba picha inayotufikia nyumbani ni nuskha vivyo hivyo, imepita mikononi mwa wanakili wengi, na mnakili wa mwisho ni yule aliyeshika rimoti. Wengi wetu kazi hiyo tunaifanya kila usiku bila ya kujua kwamba tunaifanya.

Zamani kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Pale Majestic ya Vuga, Empire ya Darajani na Cine Afrique ya Malindi kulikuwa na mtu aliyekaa nyuma, juu, kwenye chumba chenye joto, akihakikisha kwamba lenzi ni ile inayostahili picha ya usiku ule na kwamba mwanga unatosha. Sisi tuliokuwa chini tulimkumbuka pale tu mkanda ulipokatika, tukampigia miluzi. Kumbi zile zimekwisha kazi yake: Empire imekuwa duka la vyakula, na Majestic ilibaki kuta na anga. Lakini kazi ya yule bwana haikufa pamoja na kumbi. Ilihamia sebuleni, na wala hatukupewa mafunzo.

Sisi Wazanzibari tulianza mapema kukaa mbele ya kioo. Televisheni yetu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri mpaka miaka ya 1990. Deki za video zilipoingia, kwa hiyo, zilikuta nyumba nyingi tayari zina pahala pa kuziunganisha. Kanda zikaazimwa, zikanakiliwa kutoka deki moja hadi nyengine, na kila zilipoazimwa zilizidi kufifia, mpaka steringi na adui wakawa wanatofautiana kwa sauti tu.

Kanda ile, ndugu zangu, haikuumbwa kwa ajili ya hewa yetu. Unyevu wa kisiwani huota ukungu mweupe kama unga pembezoni mwa mkanda, na ukiutia kwenye deki ukungu ule huganda kwenye vichwa vyake, ukaharibu kanda hiyo na itakayofuata. Nilikuwa nikifungua deki ya marehemu baba yangu kwa bisibisi na kusafisha vichwa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa sababu pamba huacha nyuzi zake ndani. Nyumba nzima hunuka hospitali, halafu tunakaa kutazama.

Lakini ukungu ulikuwa dhara dogo. Dhara kubwa lilifanywa mbali, na watu waliovaa mashati safi. Tangu mwaka 1953 Wamarekani walianza kutoa picha pana za CinemaScope, na zikafuatiwa na nyengine nyingi ambazo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo chake, ilhali kioo cha televisheni ya wakati ule kilikuwa na uwiano wa nne kwa tatu. Ili picha pana ijae kioo, fundi aliyeinakili aliikata ubavuni, na katika picha za uwiano wa 2.35 kwa 1 alitupa zaidi ya asilimia 40 ya kilichopigwa. Watu wawili wanazungumza, mmoja kushoto na mwengine kulia, na mpigapicha ameacha baina yao uwanja mtupu unaosema kuwa wamehasimiana. Kwenye kanda utamuona mmoja tu, kisha fundi anahamia kwa mwengine, na ule uwanja mtupu, ambao ndio ulikuwa maneno yenyewe, hauonekani tena. Nani angemlaumu mtu aliyetazama nuskha kama ile akasema picha za mabingwa wa sanaa hii hazina maana?

Kuna jambo jengine ambalo lilinichukua miaka kulifahamu. Picha za senema hupigwa kwa fremu, yaani picha mojamoja zinazofuatana, 24 kwa sekunde, na mfumo wa televisheni tuliokuwa tukiutumia, wa PAL, huendesha fremu 25. Njia rahisi ya kuoanisha ilikuwa kuikimbiza picha kidogo, kwa kiasi cha asilimia 4. Picha ya saa mbili ikamalizika kwa karibu dakika tano kabla ya wakati wake, na sauti zote zikapanda. Jicho halitambui, lakini sikio la mtu wa taarab hutambua. Rafiki yangu mmoja apigaye kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, alikuja kwangu akiwa amekasirika kwamba wimbo wa Kihindi aliouzoea kwenye santuri ya nyumbani kwao hauafikiani na ule wa kwenye kanda, na kila akifuata kanda analazimika kuzikaza nyuzi kwa kiasi cha chini kidogo ya nusu sauti. Alidhani amezeeka. Tukakaa na penseli tukahesabu, na tofauti aliyoisikia ikaja kuwa ndiyo ile asilimia 4. Alifurahi, ingawa kwa wiki nzima alikataa kutazama kanda yoyote.

Dividii zilipokuja ziliondoa ukungu, zikaleta usumbufu wa namna yake. Dunia iligawiwa maeneo ya kibiashara, na diski ya eneo moja haikukubali deki ya eneo jengine. Sisi tukawekwa katika eneo namba 5, Marekani namba 1, Ulaya namba 2. Jamaa akirudi safari na zawadi ya diski nzuri, deki yako inakuandikia kwamba haimtambui mgeni huyo. Wajuzi wa mitaani walijua namna ya kuzifungua deki hizo, na mimi sitasema zaidi mbele ya mwenyekiti. Sitasahau, hata hivyo, kwamba diski hizo zilituletea heshima ambayo kanda haikuwa nayo: picha ikaja na upana wake, na mistari myeusi juu na chini. Watu walilalamika kwamba mistari ile inawaibia kioo. Kwa hakika ilikuwa inawarejeshea walichoibiwa zamani.

Nasema hivyo kwa sababu sasa mambo yamegeuka. Vioo vya leo ni vipana, kumi na sita kwa tisa, na picha nyingi za kabla ya 1953 ni karibu za mraba. Mtu anaona nafasi nyeusi kulia na kushoto, anachukua rimoti, anaivuta picha ijae. Basi kila mtu humo ndani amenenepa kwa theluthi. Niliwahi kununua diski katika duka moja ambalo picha ilikuwa imevutwa tangu huko ilikonakiliwa, na muuzaji aliniambia kwa dhati kwamba watu wa wakati ule walikuwa na afya. Ukitaka kujua kama nuskha yako imevutwa usihangaike na nambari: subiri mpaka lipite gurudumu, sahani au mwezi, na utazame kama ni duara.

Tena mtafute kwenye televisheni yako kile kifaa cha kulainisha mwendo, ambacho kila mtengenezaji amekipa jina lake, na mkizime. Kazi yake ni kubuni fremu ambazo hazikupigwa na mtu yeyote na kuzitia baina ya zile zilizopigwa, na matokeo yake ni kwamba picha ya mwaka 1955 inaonekana kama taarifa ya habari ya jana. Huyu ni yule mnakili anayesahihisha pasipo kosa, isipokuwa sasa anakaa ndani ya kioo na hachoki.

Nimeutaja mwaka 1955 kwa sababu ndio mwaka wa Pather Panchali ya Satyajit Ray wa India, ambayo tumeipenda hata sisi tusiojua Kibengali. Mwaka 1993 negativu zake, yaani mikanda ya asili ambayo nakala hutolewa kwayo, ziliungua kwa moto katika maabara moja mjini London. Mabaki yaliyokakamaa yalihifadhiwa miaka mingi, mpaka mafundi wa Bologna, Italia, walipoyalainisha na kuyaunga kwa mkono, kipande kwa kipande, na yale yasiyookolewa yakajazwa kutoka nakala nyengine. Kazi ilionyeshwa mwaka 2015. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, iliyopigwa Senegal mwaka 1973, nayo ilitengenezwa upya Bologna, mwaka 2008. Watu wametia jasho kiasi hicho kuokoa kivuli cha jani juu ya uso wa mtoto, halafu sisi tunaivuta ijae kioo!

Sasa niwaeleze usiku mmoja, ambao ndio ulionifanya nikubali mwaliko huu. Nilikuwa na diski ya Tokyo Story ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1953, nikaitia nyumbani kwa bibi yangu, Wete. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, kama zilivyo nyingi, na bibi alikaa chini kwenye mkeka kwa kuwa kiti kinamuumiza magoti. Baada ya dakika kumi akasema shingo inamuuma. Tukaishusha tukaiweka juu ya kigoda. Picha ikabadilika mbele ya macho yangu, kwa maana Ozu huiweka kamera yake chini, kwenye kimo cha mtu aliyekaa kitako juu ya mkeka, na karibu haisogezi kabisa. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo mara mbili nikiwa kwenye kochi na nikidhani kwamba Mjapani huyu ana mtindo wa ajabu. Kwa bibi hapakuwa na mtindo wowote. Alikuwa amekaa nao.

Picha ile haina maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo nilimfasiria kwa sauti ndogo kutoka Kiingereza cha chini ya kioo, na nilijifunza haraka kwamba si lazima kufasiri kila kitu. Wazee wawili wanakwenda mjini kuwatembelea watoto wao. Watoto wana shughuli, wanawapeleka wazazi mahala pa mapumziko ili wapumue wao. Anayewahudumia kwa moyo ni Noriko, mjane wa mtoto aliyekufa vitani. Nilipokuwa natafuta maneno ya kueleza uhusiano huo bibi akanikatiza: "Mkazamwana huyo. Usinambie, namuona." Alimtambua kwa namna alivyopokea mizigo. Kuanzia hapo nilinyamaza sehemu kubwa, na nadhani nuskha yangu ya Kiswahili ilikuwa bora kwa kunyamaza huko.

Tulianza baada ya sala ya Isha, na hilo nalishauri kwa kila mtu, kwani picha ya dakika 136 iliyoanzishwa baada ya Magharibi itakatwa tu, na ukiirejea wageni wamekwishaingia. Mvua ya masika ni mnakili mwengine: chini ya paa la bati hakuna mazungumzo yatakayosikika, na usiku kama huo ni bora kuchagua picha zisizo na sauti, za enzi za kabla ya 1927. Kuhusu kusimamisha picha katikati, ninyi wenyewe mnajua. Kwenye ukumbi hakuna aliyeweza kumwambia yule bwana wa juu asubiri kidogo apokee simu.

Wengine watasema nimeongeza ugumu katika jambo la starehe, na kwamba tunalo tamasha la ZIFF tangu mwaka 1998, ambapo picha huonyeshwa Ngome Kongwe chini ya nyota kwenye kitambaa kikubwa. Ni kweli, na mimi huenda kila nipatapo nafasi. Lakini hizo ni siku chache za mwaka, na Ray na Ozu hawaji kila mwaka. Siku zilizobaki tunazo sebule zetu na kigoda.

Ndugu mwenyekiti, nimeileta diski ileile, na projekta nimeiazima. Naomba kijana aliye karibu na mlango azime taa, na kama haitakuwa taabu azime na ile feni ya upande wa kushoto, inalia. Walio nyuma wasogee mbele, mikeka ipo.