Kitambaa cha Jikoni: maongezi na wanaokaribia kustaafu, Temeke

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu, kama bado mpo. Na ninyi wengine wote, marahaba. (Kicheko.)

Mwenyekiti ameniomba niseme nusu saa juu ya kuanza biashara ukiwa mtu mzima. Nimemwambia mimi ni muuguzi, nusu saa naijua vizuri, tulikuwa tunapima nayo vitu. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi, chai mtakunywa.

Nianze na aibu yangu ili iishe. Nilistaafu mwaka 2014 nikiwa na miaka 60, baada ya miaka 33 wodini. Wenzetu waliostaafu kuanzia Julai 2022 walilia na kikokotoo, ile hesabu ya mafao iliyowapa asilimia 33 tu kwa mkupuo kabla haijapandishwa 2024, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini mimi nilipewa nusu yangu nzima kwa mkupuo, na nikaimaliza ndani ya miezi kumi na minne. Nilinunua Coaster ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Kwa nini daladala? Kwa sababu jirani alikuwa nayo. Sikuwa na sababu nyingine.

Tulikubaliana na dereva hesabu ya elfu themanini kwa siku. Wiki ya kwanza ilikuja yote, nikamshukuru Mungu mpaka majirani wakasikia. Wiki ya tatu ikaja elfu hamsini na maelezo. Leo trafiki, kesho pancha, keshokutwa gari lilikuwa kwa deiwaka, yaani dereva wa kushikia, na deiwaka hapokei simu. Fundi ananiambia "mama, gearbox hii," na mimi naitikia kwa kichwa kama ninayemwelewa, kumbe gearbox nimeisikia tu. Fikirieni: mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuna mwanafunzi aliyeweza kumdanganya kwamba amepima presha wakati hajapima, leo anadanganywa na kijana wa miaka ishirini na mbili mchana kweupe. Yule kijana simlaumu hata kidogo. Nilikuwa nimeingia wodi nisiyoijua, nikajifanya sista mkuu.

Gari niliiuza kule mtaa wa Gerezani kwa bei ya kutupa. Tuendelee.

Katika simu zenu, na yangu pia, inazunguka hadithi ya mzee wa kuku wa KFC, Harland Sanders wa Marekani. Kwamba akiwa na miaka 65, hana kitu, akachukua hundi ya pensheni ya dola 105, akazunguka na kuku wake, akakataliwa mara 1,009, ndipo akawa tajiri. Mimi nikiletewa hesabu kamili namna hiyo nauliza: nani alikuwa anaandika kwenye daftari? Na waliotunga ile meseji wameruka sehemu inayotuhusu. Mzee yule alianza kupikia wasafiri mwaka 1930, kwenye kituo chake cha mafuta pale Corbin, Kentucky. Mwaka 1939 alikuwa tayari anakaanga kuku kwa sufuria la presha ili mteja asisubiri. Mtu wa kwanza kupewa ruhusa ya kuuza kuku wake, kule Salt Lake City, aliipata mwaka 1952. Barabara kuu mpya ilipopangwa kupita mbali na Corbin na mgahawa ukabidi uuzwe mwaka 1956, mzee alipoteza jengo. Kuku hakumpoteza, alikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kumpika kila siku. Ile meseji inatuambia mtu anaweza kuamka na miaka 65 akaanza na chochote. Mimi niliiamini, nikanunua Coaster.

Ninayempenda zaidi ni mwingine. Zile tambi za pakiti ambazo wajukuu wenu wanaziita Indomie hata kama pakiti imeandikwa jina jingine, zilianzia kwenye kibanda nyuma ya nyumba, mjini Ikeda karibu na Osaka, Japani. Mwenye kibanda aliitwa Momofuku Ando. Alizaliwa mwaka 1910 Taiwan, akalelewa na babu na bibi waliokuwa na duka la vitambaa. Akiwa na miaka 22 alikuwa na biashara yake ya nguo. Baadaye akafanya hiki, akafanya kile, akauza chumvi, akafungwa kwa mambo ya kodi, akatoka. Kisha akakubali kuongoza chama cha akiba na mikopo. Mwaka 1957 kikafilisika, na kila alichokuwa nacho kikaenda, ikabaki nyumba. Miaka 47, na jina limeharibika. Wanachama wa SACCOS humu ndani wanajua jina huharibika vipi. (Kicheko.)

Akaingia kibandani. Baada ya vita alikuwa ameona watu wamepanga foleni ndefu kwenye baridi, wanasubiri bakuli la tambi za moto kwenye kigenge nyuma ya stesheni. Hilo lilimkaa kichwani. Alitaka tambi ambayo mtu anamwagia maji ya moto, anakula. Lakini tambi ikae dukani miezi bila kuoza, na ikiguswa na maji irudi laini upesi. Alihangaika nayo mwaka mzima, usingizi saa nne kwa siku. Akianika inachelewa kulainika, akifanya hivi inakatika.

Jibu alilipata jikoni, siku mkewe anakaanga tempura, yaani mboga au samaki waliochovywa kwenye uji wa ngano, kama bagia zetu. Hapa naomba mama lishe wanielewe, maana mmeiona kila siku. Ukitumbukiza kitu kibichi kwenye mafuta ya moto kinatoa povu, kinapiga kelele. Zile kelele ni maji yanatoka. Yakishatoka yanaacha vitundu vidogo vidogo, na kelele zinapungua. Ndiyo maana mpishi mzuri anajua bagia imeiva kwa sikio. Ando akaona kwamba tambi iliyokaangwa hivyo imekauka, haiozi upesi, na vile vitundu ndivyo njia ya maji ya moto kurudi ndani. Tarehe 25 Agosti 1958 akaanza kuuza. Miaka 48. Na hakuuza rahisi: pakiti ilikuwa yen 35 wakati tambi mbichi za kawaida zilikuwa yen 6. Wenye maduka walimshangaa. Ile ya kikombe aliitoa mwaka 1971, akiwa na miaka 61, umri ambao sisi hapa tunagawa mashamba na kuulizana sanda. Alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 96. Leo dunia inakula pakiti na vikombe zaidi ya bilioni 100 vya tambi hizo kwa mwaka, na mimi kama muuguzi siwashauri mle kila siku, chumvi yake mnaijua.

Nikarudi kwangu. Baada ya Coaster nilikaa barazani miezi, nikiogopa kila mtu mwenye wazo. Embe zikaja msimu, nikafanya achari kama mama alivyofanya Tanga. Embe changa, kokwa bado laini, unakata vipande na ganda lake, chumvi na manjano, unaanika siku mbili, kisha pilipili, haradali, uwatu, saumu, siki, na mafuta yaliyochemshwa yakapoa. Watu wakala, wakasema uza. Nikanunua chupa 24, nikapeleka duka moja la Keko.

Wiki ya tatu mwenye duka akanipigia. Chupa tano zilikuwa zimeuzwa, 19 zina utando mweupe juu, kama maziwa yaliyolala. Alinirudishia kwenye katoni ileile, na kwa heshima akanigeuzia uso pembeni ili asinione ninavyoona haya.

Usiku nikarudia hatua moja moja mezani. Embe nzuri. Chumvi ya kutosha. Chupa nilichemsha dakika ishirini. Nikachukua chupa kuonyesha mwenyewe nilivyofanya, na mkono wangu wa kushoto ukaenda begani, ukachukua kitambaa cha jikoni, ukafuta ndani ya chupa.

Nilisimama pale kama nimeona jini. Nimefanya kazi chumba cha kuchemshia vyombo miaka saba! Mwanafunzi akitoa koleo kwenye mvuke halafu akalifuta kwa kitambaa alichofutia mikono, ningemtoa nje na angerudia zamu. Lakini nilipovaa kanga na kuingia jikoni nilimwacha muuguzi mlangoni. Nilidhani uuguzi uliisha siku ile waliyonipa ngao na picha ya pamoja.

Kesho yake jikoni pakawa wodi. Chupa zinachemka, zinatolewa kwa koleo, zinapinduliwa kwenye waya, zinakauka kwa joto lake zenyewe, hakuna kitambaa kinachogusa. Vifuniko vivyo hivyo. Kila toleo lina tarehe na sahihi ya aliyefunga, kama chati ya mgonjwa. Mafuta lazima yafunike embe yote, maana ukungu unataka hewa. SIDO, wale wa viwanda vidogo, walinifundisha mengine na kunipa barua ya kwenda TBS, shirika la viwango, na mkaguzi alipokuja kuuliza kumbukumbu, nilimwekea madaftari mawili mezani. Kijana alicheka, akasema mama, hii ni hospitali. Nikamwambia ndiyo, na wewe hujanawa mikono.

Leo tuko wanawake tisa. Siyo kampuni kubwa, msinitazame hivyo. Lakini sijarudishiwa katoni tena.

Mwanangu alinisomea kwamba mwaka 2018 wachumi wa Marekani walichambua watu milioni 2.7 walioanzisha biashara, wakakuta zile zilizokua kwa kasi kuliko zote waanzilishi wake walikuwa na wastani wa miaka 45 walipoanza. Wakati huohuo, mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri yetu imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Baba wa miaka 60 mwenye afya njema hana fungu. Hilo nimelisema kwenye kata mara mbili na nitalisema la tatu.

Maswali. Baba mwenye kofia, karibu.

*(Akauliza: "Mimi dada yangu nimekuwa karani wa masijala maisha yangu yote. Sijui kupika, sijui kuchomelea. Mikononi mwangu kuna nini, isipokuwa vumbi la mafaili?")*

Kaka, faili likipotea ofisini kwenu, ulikuwa unalipata kwa muda gani?

*("Likiwa langu? Dakika tano.")*

Na mafaili yalikuwa mangapi?

*("Elfu kumi na ushee.")*

Mmesikia wenzangu? Mimi daftari la nani anatudai na nani tunamdai lipo kwenye mifuko mitatu ya sokoni, na wiki iliyopita nimemlipa mwenye chupa mara mbili. Kaka, baada ya chai usiondoke.