Waridi Lililopita Motoni: Enameli kati ya China na Ulaya

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Mada yetu ya jioni hii ni mabadilishano ya sanaa za mapambo na vito kati ya China na Ulaya, na kwa kuwa uwanja huo ni mpana kupita kiasi, nimeamua kuifuata rangi moja, ile ya waridi, tangu ilipoingia katika karakana za Beijing hadi iliporudi Ulaya juu ya sahani za mezani. Mara nyingi historia hii husimuliwa kana kwamba China ilitoa na Ulaya ikaiga. Sikubaliani na masimulizi hayo, na rangi ya waridi ndiyo shahidi wangu mkuu.

Tuanze na enameli yenyewe. Enameli ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikachanganywa na madini yanayokitia rangi, kisha kikapakwa juu ya metali au kauri na kuchomwa mpaka kikayeyuka na kushikamana na chombo. Aina iliyotangulia kufika China ni ile ya vijumba. Fundi hupinda nyuzi bapa za shaba, huzisimamisha juu ya chombo kwa kufuata mchoro wa maua au wa joka, hujaza unga wa rangi katika kila kijumba, kisha hukitia chombo tanurini. Unga ukiyeyuka hunywea, kwa hiyo hana budi kujaza tena na kuchoma tena, mara kadhaa, ndipo ausugue uso mpaka ulingane na kuzitia nyuzi maji ya dhahabu. Ufundi huu ulikuwa umekomaa Bizanti, dola ya Kikristo ya mashariki iliyokuwa na makao yake Konstantinopoli, na katika nchi za Kiislamu kabla haujaingia China, ambako vyombo vya kale zaidi vyenye chapa ya kuaminika ya utawala ni vya enzi ya Kaisari Xuande, kati ya 1426 na 1435. Leo watu wengi huuona kuwa ni wa Kichina tangu asili, na sioni ubaya, maana karne nyingi za kazi ya mikono zimewapa mafundi wa Beijing haki hiyo.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imeshika njia nyingine. Huko Limoges, nchini Ufaransa, na baadaye Geneva, mafundi waliacha nyuzi wakachora kwa brashi juu ya metali, hata wakaweza kuonyesha kivuli cha shavu la mtu katika kifuniko cha saa. Wamisionari Wajesuiti, wa shirika la watawa wa Kikatoliki, walipeleka vitu vya namna hiyo Beijing kama zawadi, na Kaisari Kangxi, aliyekuwa na hamu kubwa ya ufundi, akataka vitengenezwe mbele ya macho yake. Mwaka 1716 aliwaagiza wachoraji wawili Waitalia, Matteo Ripa na Giuseppe Castiglione, wachore kwa enameli. Ripa mwenyewe aliandika kwamba hawakutaka kufungiwa karakanani kutwa nzima, wakachora vibaya kwa makusudi mpaka wakaachiliwa. Kaisari hakukata tamaa. Mwaka 1719 aliwasili Mfaransa Jean-Baptiste Gravereau, ambaye enameli ndiyo ilikuwa kazi yake, na vyombo vyeupe vya kauri vilikuwa vikisafirishwa kutoka Jingdezhen, mji wa viwanda vya kauri mbali kusini, ili vipakwe rangi ikuluni.

Hapa ndipo waridi linapoingia. Kabla ya hapo, kauri za Kangxi zilitawaliwa na kijani angavu na wekundu wa madini ya chuma, rangi nzuri lakini zisizokubali kufifishwa kidogo kidogo. Ulaya ya karne ya 17 ilikuwa imejifunza kuyeyusha dhahabu katika mchanganyiko wa asidi kali na kupata kutoka kwake, kwa msaada wa bati, unga wa zambarau ambao ukiingizwa katika kioo hutoa wekundu wa waridi; jina la Andreas Cassius ndilo linalotajwa pamoja na unga huo. Kiasi kidogo mno cha dhahabu hutosha. Ukiongeza nyeupe nzito isiyopitisha nuru, ambayo mafundi wa China waliitengeneza kwa risasi na aseniki, mchoraji anapata uwezo mpya kabisa: petali la peoni linaweza kuanza na wekundu mzito kwenye shina na kuishia karibu na weupe ukingoni, bila mstari wa kutenganisha. Tazameni bakuli dogo la enzi ya Yongzheng, mwana na mrithi wa Kangxi, kwa karibu, nanyi mtaona kwamba rangi hiyo imekaa juu ya ngozi ya kauri kwa unene unaoweza kuhisiwa kwa ncha ya kidole.

Kumbukumbu za karakana za ikulu za mwaka 1728 zinaorodhesha rangi za enameli zilizotoka Ulaya na, kando yake, rangi zilizotengenezwa ikuluni penyewe, na hizi za pili ndizo nyingi zaidi. Orodha hiyo naithamini kuliko hadithi zote za zawadi na mabalozi, kwa sababu inatuonyesha mafundi walioshika kalamu na mizani, wakapima, wakachoma, wakashindwa na kurudia. Muda si muda rangi hizo zilikuwa zinapakwa kwenye sahani za biashara, zikipitia bandari ya Guangzhou na kwenda Ulaya zikiwa na nembo za familia za huko.

Ulaya nayo ilikuwa ikihangaikia kauri. Augustus, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, ambaye mwaka 1717 aliwatoa askari wapanda farasi 600 kwa mfalme wa Prussia na kupewa vyombo 151 vya kauri, alikuwa tayari ameanzisha kiwanda cha kauri cha Meissen mwaka 1710. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna la kukumbuka hapa: mji wa kale wa Gedi, ambako kauri za China zimefukuliwa kwa wingi, ulikuwa umeshahamwa karibu karne moja kabla ya Meissen kuchoma chombo chake cha kwanza.

Kwa masonara, mabadilishano haya yaliendelea kwa njia ya saa za mfukoni. London, Geneva na baadaye Fleurier, mji wa Uswisi, zilitengeneza kwa ajili ya soko la China saa zilizouzwa mbilimbili, michoro yake ya enameli ikielekeana kama mtu na kioo, na kingo zikizungushiwa nusu za lulu ndogo.

Karne ya 20 iliugeuza mkondo tena. Mwaka 1933 Barbara Hutton, tajiri wa Marekani, alipewa na baba yake kidani cha punje 27 za jade ya kijani, ile inayochimbwa Myanmar na kupendwa sana na Wachina tangu karne ya 18. Punje zote zinalingana kwa rangi, jambo linalodai jiwe kubwa na sonara asiyeogopa kupoteza sehemu yake kubwa. Kampuni ya Cartier ya Paris haikuweka almasi wala dhahabu kati ya punje hizo. Mchango wake umo katika kifungo cha yakuti nyekundu na almasi, ambacho wekundu wake unaufanya ukijani uonekane umeiva zaidi. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi wa fundi aliyeelewa kilicho mbele yake. Kidani hicho kilinadiwa Hong Kong mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 27 za Marekani, na mnunuzi akawa Cartier yenyewe.