Jipiesi Ikizima Katikati ya Ungwana

Assalaam alaykum, manahodha na mabaharia wa Lamu, na nyinyi vijana mlioshika simu hapo nyuma. Hizo simu ndizo zilizonileta.

Chombo kimetoka hapa usiku kinakwenda Malindi. Katikati ya Ghuba ya Ungwana, jipiesi, hiyo GPS ya simu inayowaonyesha mlipo, inazima. Wengi watauliza kusini ni wapi. Kuipata kusini si kazi, dira ipo. Kazi ni kujua mko wapi, na hilo dira haisemi. Linasemwa na daftari, kama mlikuwa mkiandika kila saa: mnaelekea wapi, kwa mwendo gani.

Mwendo hupimwa kwa kifuu. Mmoja akitupe majini omoni, mbele ya chombo, mwingine ahesabu sekunde mpaka kifike tezi, nyuma yake. Chombo cha mita 10, gawanya 20 kwa sekunde hizo. Sekunde 5? Ni maili 4 za bahari kwa saa. Lakini kifuu hakiujui mkondo, kwa sababu nacho kinachukuliwa pamoja nanyi. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mkondo unakwenda kaskazini kwa nguvu, kwa hivyo Malindi iko mbali kuliko daftari linavyodai. Hapo ndipo watu huikata kona mapema, wakidhani wamefika.

Kijana, hebu njoo. Isogeze simu yako kwenye dira hii. Taratibu... Mmeona sindano ilivyovutwa na sumaku ya simu? Na humo chomboni mna spika za muziki, tena mara nyingi huwekwa papo hapo kwenye usukani!

Nyota nitazipitia haraka, wazee wanazijua kuliko mimi. Msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, zile tatu zilizopangana mstari huchomoza mashariki hasa na kutua magharibi hasa. Wakati wa kusi, ngojeni Msalaba wa Kusini, zile nyota nne, usimame wima. Mguu wake unaangalia kusini.

Kukicha, tazameni maji. Kaskazi likivuma, tope la mto Sabaki huteremka mpaka Malindi. Kusi likivuma, husukumwa kaskazini, upande wa Ngomeni. Maji mekundu peke yake basi hayatoshi, ulizeni kwanza upepo.

Mkifika karibu na kungali giza, msiingie. Mwamba hauonekani usiku. Kaeni nje, mtie bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina, kila mara. Pakeni grisi chini yake, iwaletee mchanga au tope, mjue mko juu ya nini.

Bildi ninayo hii. Tushukeni gatini, kila mmoja aitie mwenyewe na kuhesabu pima zake.