Mtoto Akiamka na Homa: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu wa Shule ya Msingi, Nairobi

Bwana Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi wote mliofika, hamjambo. Nawashukuru kwa kunikaribisha, na nawashukuru zaidi kwa kuitoa asubuhi yenu ya Jumamosi, kwa kuwa najua kuna waliofunga kibanda na kuna walioomba ruhusa kazini ili wafike hapa. Nimeombwa, nikiwa muuguzi wa afya ya jamii, nizungumze kuhusu homa ya mafua na kikohozi ambayo imekuwa ikipita kutoka darasa hadi darasa muhula huu, na kuhusu yale ambayo familia na shule zinapaswa kufanya.

Nitaanza na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu hapo ndipo ugonjwa huu unapozuiwa au unapofunguliwa njia. Mtoto anaamka mwili unachemka, macho mekundu, na anasema kichwa kinamuuma. Gari la shule linapita saa kumi na mbili, na mama anatakiwa awe ameingia kazini Industrial Area saa moja. Anachukua chupa ya parasetamoli, anampa mtoto dawa, na baada ya muda homa inashuka, mtoto anavaa sweta, anakunywa chai, anakwenda shule. Parasetamoli hufanya kazi kwa muda wa saa 4 hadi 6 hivi, kwa hiyo ikifika saa nne au saa tano dawa imekwisha nguvu na homa imerudi. Kabla ya hapo mtoto ameketi kwenye gari lililofungwa madirisha, amebanana na wenzake wawili kwenye dawati moja, amekunywa maji kwa kikombe cha pamoja kwenye tangi, na amekohoa muda wote huo. Dawa ilimtuliza yeye, lakini virusi haikuvigusa hata kidogo.

Ninalotaka tuelewane juu yake leo ni kwamba mtoto mwenye homa abaki nyumbani, na shule imrahisishie mzazi kumbakiza. Sitayatenganisha mambo haya mawili, kwa sababu nimeyaona yakitenganishwa mara nyingi, na kila yakitenganishwa mzigo wote humwangukia mama, naye hurudi kwenye ile chupa ya dawa.

Mtu aliyeambukizwa homa ya mafua kwa kawaida huanza kuonyesha dalili kati ya siku ya 1 na ya 4, na anaweza kuanza kuwaambukiza wengine siku moja kabla hajajua kwamba anaumwa. Anaendelea kuambukiza kwa siku 5 hadi 7 baada ya dalili kuanza, na watoto wadogo wanaweza kuendelea kwa muda mrefu zaidi. Hapa mzazi anaweza kuniuliza kuna faida gani kumzuia mtoto ikiwa ameshaanza kuambukiza jana. Faida ni kubwa, kwa maana siku 3 au 4 za mwanzo wa ugonjwa, ambazo ndizo siku za homa kali, ndizo ambazo mtoto hutoa virusi kwa wingi zaidi, na hizo ndizo tunazoziona kwa macho na kuzigusa kwa mkono.

Basi kipimo ni hiki. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mtoto asije shuleni. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo 37.5 ya kwapani ihesabiwe kuwa homa. Mtoto atarudi baada ya kukaa saa 24 kamili bila homa na bila kupewa dawa ya kushusha homa, na awe anakula na kucheza kama alivyozoea. Nasisitiza maneno hayo ya "bila kupewa dawa", kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huhesabu vibaya. Mtoto mwenye kamasi tu, asiye na homa, anayekula na kuruka, anaweza kuja shuleni akiwa na leso yake mwenyewe, na kikohozi kinachobaki nyuma kwa wiki moja au mbili baada ya homa kuisha si sababu ya kumfukuza darasani. Kikipita wiki 2, au mtoto akianza kukonda na kutoka jasho usiku, aletwe kliniki achunguzwe kifua kikuu. Uchunguzi na matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Ni rahisi kwangu kusimama hapa na kusema mtoto abaki nyumbani, lakini abaki na nani? Katika ukumbi huu kuna wazazi wanaolipwa kwa siku, na siku isiyofanywa kazi hailipwi. Kuna mama anayefua nguo za watu, ambaye akikosa siku mbili mwajiri hutafuta mwingine. Mzazi wa namna hiyo anapompeleka mtoto mgonjwa shuleni si kwamba hajali, bali amepiga hesabu ya kodi ya nyumba na ya chakula cha jioni, na mtu yeyote anayemkemea bila kumsaidia kupiga hesabu nyingine hajamsaidia kitu. Ndiyo maana naomba jambo hili lipangwe kabla ugonjwa haujafika mlangoni. Katika ploti moja mara nyingi kuna wazazi watatu au wanne wa shule hii hii. Zungumzeni leo mkitoka hapa, mjue ni nani hushinda nyumbani siku gani, na ni nani anaweza kumwangalia mtoto wa mwenzake. Ila atakayemwangalia asiwe mjamzito wala bibi mzee wala mtu mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, kwa sababu hao ndio homa ya mafua inaowaumiza zaidi. Najua nyumba nyingi hapa Nairobi humtegemea shosho, na najua shosho hatakataa. Tusimtwike mzigo huu kwa kuwa tu hatakataa.

Kwa upande wa shule, Mwalimu Mkuu aniwie radhi nikisema waziwazi. Zawadi inayotolewa mwisho wa muhula kwa mtoto ambaye hakukosa hata siku moja inamfundisha mtoto kuficha homa, na ningependa isimamishwe. Mtihani uliokosekana kwa ugonjwa ufanywe mtoto akirudi, bila kumtaka mzazi barua ya daktari kwa homa ya siku mbili, maana barua hiyo humlazimu mzazi kumburuta mgonjwa hadi foleni ya hospitali ambako atawaambukiza wengine. Kazi ya darasa itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, na asiye na simu ya namna hiyo apelekewe daftari na mtoto wa jirani. Mwalimu naye akiumwa apumzike, kwa sababu mwalimu mwenye homa huzungumza kwa sauti mbele ya watoto wengi kwa siku nzima, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kueneza virusi.

Sote tunakumbuka shule zikifungwa. Kisa cha kwanza cha Uviko nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku chache tu baadaye watoto wote walikuwa nyumbani. Gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba mwaka huo, na waliobaki wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Wapo watoto ambao hawakurudi kabisa. Homa ya mafua si Uviko, wala sisemi kuna anayefikiria kufunga shule. Ninasema kwamba siku 4 za mtoto mmoja nyumbani ni bei ndogo, na kila mzazi aliyepitia mwaka ule anaijua bei kubwa.

Kuhusu madarasa nina neno moja tu, nalo ni madirisha. Mwezi wa Julai Nairobi huwa baridi, na desturi yetu ni kufunga kila kitu. Baridi peke yake haileti mafua. Virusi ndivyo huleta, na hewa iliyofungiwa huvihifadhi kwa ajili ya mtu anayefuata. Madirisha ya pande zote mbili za darasa yafunguliwe, hata kama ni kiasi cha shubiri, na watoto waruhusiwe kuvaa sweta ya pili au koti ndani ya darasa, hata kama si ya sare. Dereva wa gari la shule afanye vivyo hivyo. Pale mgao wa maji unapotusumbua, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni kilichofungwa ndani ya soksi vinatosha, mradi mikono isuguliwe kwa sekunde 20 na maji yawepo kweli saa ya mapumziko.

Nyumbani, hasa katika nyumba ya chumba kimoja, ushauri wa kumtenga mgonjwa katika chumba chake ni maneno matupu, kwa hiyo nitasema linalowezekana. Watoto wanaolala kitanda kimoja walale mzungu wa nne, ili pumzi ya mgonjwa isimwendee mwenzake usoni usiku kucha. Mlango au dirisha liachwe wazi mchana. Mgonjwa awe na kikombe chake, na akohoe kwenye kiwiko au kwenye leso. Anayemhudumia avae barakoa, kwani mtoto wa chini ya miaka 5 hatakiwi kuvalishwa. Na tafadhali, jiko la makaa lisiingizwe chumbani kumpasha mgonjwa joto milango ikiwa imefungwa. Moshi huo huongeza hatari ya nimonia kwa mtoto, na makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi ambayo haina rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa wamelala.

Dawa ya homa ipimwe kwa uzito wa mtoto na kwa kikombe au sirinji iliyokuja na chupa, si kwa kijiko cha jikoni, na isizidi mara 4 katika saa 24. Someni pia kibandiko cha dawa ya mafua mnayonunua dukani, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtoto anayepewa zote mbili anaweza kupata dozi maradufu na kuumia ini. Aspirini asipewe mtoto kabisa. Antibiotiki haziui virusi, kwa hiyo msizinunue kwa kukisia. Maji, uji mwepesi, supu na usingizi ndivyo huwavusha watoto wengi, na asali yafaa kwa kikohozi ila kwa aliyetimiza mwaka mmoja tu.

Lakini kuna mtoto ambaye hatakiwi kubaki nyumbani, na huyu naomba mjue kumtambua. Mwinueni shati akiwa ametulia au amelala, si akiwa analia, na mtazame kifua na tumbo kwenye mwanga. Wekeni simu yenye saa kando, mhesabu kila pumzi inapopanda, kwa dakika nzima bila kukatisha. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Kwa wa miezi 2 hadi 12, ni 50. Kwa mtoto mkubwa mtazameni kama anashindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kama pua zinapanuka, kama ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta hewa. Mtoto wa aina hiyo, au aliyepata degedege, au anayetapika kila kitu, au asiyeweza kunywa, au aliyelegea hata haamki vizuri, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na msingoje kupata nauli ya matatu asubuhi. Gongeni mlango wa jirani. Vivyo hivyo mtoto aliyeonekana kupona, kisha homa ikarudi kwa nguvu na kikohozi kikazidi, maana hiyo yaweza kuwa nimonia iliyoingia nyuma ya mafua.

Mkitoka, mwalimu wa darasa atawapa fomu. Inaomba nambari mbili za simu za watu wanaoweza kuja kumchukua mtoto akipatwa na homa saa nne asubuhi. Wengi huandika nambari ya mzazi ambaye simu yake huwekwa kabatini hadi jioni kwa amri ya mwajiri. Andikeni nambari inayopokewa mchana, hata kama ni ya mama mboga wa karibu, mradi mmeshazungumza naye na shule inajua uso wake. Chini ya fomu kuna nafasi ya kueleza kama mtoto ana pumu, selimundu (sickle cell) au ugonjwa wa moyo. Msiiache wazi kwa aibu. Mwenye pumu alete dawa yake ya kuvuta ikiwa na jina, ikae kwa mwalimu wa darasa na si ofisini kwenye kabati iliyofungwa. Na mwenye selimundu akipata homa, asihesabiwe siku nyumbani kama wenzake, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo ya kwanza.